Mnyunyizo wa mazutu kwenye kompyuta haufanani na wa kweli: dalili, visababishi na marekebisho

Mchoro wa kompyuta wa mnyunyizo wa mazutu (dizeli) ukikataa kulingana na vipimo, mkono hukimbilia vigezo vya kupasuka kwa matone. Unapunguza kigezo B1, unagusa CRT, na baada ya majaribio ishirini mistari miwili, wa hesabu na wa vipimo, inakaa pamoja. Kesho yake unabadilisha presha ya injekta tu, na mistari inaachana tena. Inaachana kwa sababu kosa halikuwa kwenye matone. Mara nyingi liko kwenye uzito wa mafuta, kwenye kasi ya kutoka, kwenye rula uliyopimia, au kwenye wavu wa hesabu (seli ndogo ambamo gesi inahesabiwa). Mwongozo huu unafuata mpangilio huohuo, na vigezo vya kupasuka vimesukumwa mbali kwa makusudi.

Umeandikwa kwa wanaofanya kazi hii Lubumbashi: wanafunzi wa politekiniki wanaoendesha OpenFOAM (programu ya kuhesabu mitiririko) kwenye laptopu, na wahandisi wa motere za grupu (jenereta) na malori ya migodini wanaotaka kujua kwa nini nozo fulani inalowesha pistoni. Majina ya mafaili ni ya sprayFoam, sehemu yake ya kuhesabu mnyunyizo; matoleo mapya yamebadilisha baadhi ya majina, lakini hoja ni zilezile hata kwa programu nyingine.

Anza na mnyunyizo ambao jibu lake linajulikana

Usianze na motere yako. Bila chemba yenye madirisha ya kioo huwezi kujua mnyunyizo wake ulifika wapi, na huwezi kusahihisha hesabu kwa jibu usilolijua. Anza na Spray A ya Engine Combustion Network, ushirikiano wa maabara unaoweka vipimo vyake wazi kwa yeyote kuvipakua. Masharti yake ni haya: mafuta ni n-dodekani yenye joto la 363 K, presha ya injekta ni MPa 150, tundu ni moja la mikromita 90, gesi ya chemba ina 900 K na msongamano wa 22.8 kg/m³, yaani presha ya karibu MPa 6. Kunyunyiza kunachukua milisekunde 1.5 na uzito ni karibu mg 3.5. Chagua kwanza vipimo vya gesi isiyo na oksijeni, ili moto usichanganye hesabu.

Tumia kipenyo kilichopimwa cha injekta yenyewe, si ile 90 ya kwenye maelezo. Injekta namba 210675 ina tundu la mikromita 89.4, namba 210677 ina 83.7. Ukilinganisha eneo, tofauti ni asilimia 14. Ukichanganya data ya injekta moja na kipenyo cha nyingine, umeshakosea kabla ya kuwasha kompyuta.

Halafu chukua kalamu. Kanuni ya Hiroyasu na Arai ya 1990 inasema kwamba, mkondo ukishapasuka, urefu wa mnyunyizo ni 2.95 mara kipeo cha robo cha tofauti ya presha iliyogawanywa kwa msongamano wa gesi, mara kipeuo cha pili cha kipenyo mara muda. Kwa Spray A: Pa milioni 144 (MPa 150 toa 6) gawanya kwa 22.8, kipeo cha robo ni karibu 50. Kipenyo cha m 0.00009 mara sekunde 0.001, kipeuo chake ni 0.0003. Jibu ni milimita 44 baada ya milisekunde 1, na 54 baada ya 1.5. Ni makadirio, lakini yanatosha kukuonya. Kompyuta ikikupa 25 au 70, usiguse modeli yoyote: kuna kosa la uniti, la uzito au la wavu, na unalitafuta hapa chini.

Dalili: uzito ulioingia si ule ulioandika

Fungua logi na utafute mstari wa "mass introduced" mwishoni mwa kunyunyiza. Linganisha na massTotal, uzito wote ulioandika kwenye faili. Hapa hakuna asilimia ya kusamehe. Namba mbili hizi zinapaswa kufanana.

Zikitofautiana, kisababishi cha kawaida ni mahali pa injekta. Ukiiweka sawasawa juu ya ukuta wa boksi au kwenye kona ya seli, programu inaweza kushindwa kupata seli ya kuweka vifurushi (makundi ya matone yanayohesabiwa kama kitu kimoja). Isogeze ndani kidogo. Mfano wa aachenBomb unaokuja na OpenFOAM una boksi linaloishia m 0.1, na injekta imewekwa 0.0995, nusu milimita ndani.

Zikifanana lakini bado unashuku, hesabu mwenyewe kama uzito ulioandika ni wa tundu moja, wa nozo nzima, au wa kipande cha silinda ulichokata. Ukiiga sehemu moja ya sita ya silinda kwa nozo ya matundu sita, massTotal ni ya tundu moja tu. Na kumbuka kwamba kwenye OpenFOAM jedwali la flowRateProfile linatoa umbo la mtiririko tu. Kiasi kinatoka kwenye massTotal na kusambazwa kwa umbo hilo. Ukizidisha namba zote za jedwali kwa mbili, uzito haubadiliki hata kidogo.

Kwa nozo ya hapa nyumbani, uzito unaupata kwenye benchi ya kupima pampu. Fundi akisoma sentimita za ujazo 48 kwa mipigo 1,000, kila mpigo ni milimita za ujazo 48. Nozo ya matundu sita inatoa 8 kwa kila tundu. Kwa mafuta ya 0.83 g/cm³ ni mg 6.6. Muulize anapima kwa mafuta gani, maana benchi nyingi hutumia mafuta maalumu ya majaribio na si mazutu. Ujazo ule wa benchi ugeuze kwa msongamano wa mafuta yaliyo ndani ya benchi.

Dalili: uzito uko sawa, lakini ncha inatangulia tangu mwanzo

Hapa kuna mtego mmoja unaostahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu unakamata hata wenye uzoefu.

Kasi kamili ya Bernoulli kwa Spray A ni kipeuo cha pili cha 2 mara Pa milioni 144 gawanya kwa 698 kg/m³, ambao ndio msongamano wa n-dodekani kwa joto lile. Inatoka karibu 642 m/s. Lakini mafuta hayatoki kwa kasi hiyo. Kizidisho cha mtiririko, Cd, ni karibu 0.89, kizidisho cha eneo, Ca, ni karibu 0.98. Kasi ya kweli ni Bernoulli mara Cd gawanya kwa Ca, yaani karibu 583 m/s.

Sasa tazama kinachofanyika ukichagua flowRateAndDischarge kama njia ya kuipa programu kasi. Programu inachukua mtiririko wa uzito, inaugawanya kwa msongamano, kwa eneo la tundu, na kwa namba uliyoandika kwenye Cd. Mtiririko wa uzito tayari una Cd ya kweli ndani yake. Kwa hiyo namba inayotakiwa pale, kifizikia, ni Ca. Ukiandika 0.89 kwa kuamini jina la kigezo, unarudishiwa zile 642 m/s, kasi iliyozidi kwa asilimia 10. Andika 0.98.

Kosa hili hujificha. Mwanzoni, ambapo urefu unafuata kasi moja kwa moja, ncha inatangulia kwa asilimia 10. Baadaye urefu unafuata kipeo cha robo cha msukumo, na tofauti inashuka hadi asilimia 2 au 3. Mtu akitazama mwisho wa mchoro tu, haioni.

Ukichagua njia ya pressureDrivenVelocity unafika kwenye kosa lilelile kwa mlango mwingine: pale unapata kasi kamili ya Bernoulli, na hakuna Cd inayoipunguza.

Kuna ndugu yake mdogo. Ukinakili mafaili ya aachenBomb ili uanze haraka, unanakili pia ukubwa wa matone: kule tundu ni mikromita 190 na matone ya mwanzo yana ukomo wa 150. Ukibadilisha dOuter (kipenyo cha tundu) kuwa mikromita 90 ukasahau jedwali la ukubwa, tundu la 90 linatoa matone ya 150. Matone hayo makubwa yanabeba kasi yake mbali na kimiminika kinafika ambako hakipaswi kufika. Weka ukubwa sawa na kipenyo cha tundu mara kipeuo cha pili cha Ca, au kipenyo chenyewe kama huna Ca. Angalia pia T0, joto la mafuta: faili lile lina 320 K, Spray A inataka 363.

Kuhusu pembe: thetaOuter inapimwa kutoka kwenye mhimili hadi ukingo. Ukipewa pembe nzima ya mnyunyizo, igawanye kwa mbili.

Dalili: mstari una umbo sahihi lakini umesogea pembeni

Huu ni muda wa kuanzia. Kati ya umeme kufika kwenye injekta na mafuta kutoka kwenye tundu kuna ucheleweshaji wa sehemu za kumi za milisekunde. Vipimo vya Spray A huhesabu sifuri pale mafuta yanapotoka. Ukichanganya sifuri mbili, tofauti ya mikrosekunde 50 inaleta kosa la karibu asilimia 12 ukiwa kwenye ms 0.2, na chini ya asilimia 2 ukiwa kwenye 1.5. Kosa linalopungua hivyo kadiri muda unavyokwenda ni saa, si modeli.

Dalili: unakaribia, ila hujui kama mnapima kitu kimoja

Urefu wa mvuke katika Spray A ni umbali wa mbali kabisa ambapo sehemu ya uzito wa mafuta kwenye mchanganyiko inafika 0.001. Ukitumia 0.01, mnyunyizo wako unaonekana mfupi bila kosa lolote. Logi ya sprayFoam inakupa urefu wa kimiminika wenye asilimia 95 ya uzito. Haikupi urefu wa mvuke, huo unautoa mwenyewe kwenye uga wa C12H26 (n-dodekani) kwa ParaView, programu ya kuonyesha matokeo. Na pima kutoka kwenye tundu, si kutoka kwenye ukuta wa boksi.

Kimiminika kina ugumu wake. Maabara hupima kwa mwanga unaotawanywa au kuzuiwa na matone. Kompyuta inahesabu uzito. Kimiminika cha Spray A kinatulia karibu milimita 10 kutoka kwenye tundu. Ukipata 9 au 11 usihangaike. Ukipata 16, kuna kazi.

Mstari wa kimiminika ukiruka juu chini kama meno ya msumeno, vifurushi ni vichache. Vifurushi milioni 20 kwa sekunde vinatoa 30,000 kwa Spray A nzima. Vizidishe mara mbili uone. Mstari ukitulia mahali palepale, ulikuwa kelele tu. Ukihama, endelea kuongeza mpaka usihame.

Dalili: mnyunyizo ni mfupi na mnene kupita kiasi

Hii ndiyo dalili inayoletwa na watu wengi, na inastahili muda wako wote.

Kisababishi cha kwanza ni wavu mkubwa. Fikiria seli moja mbele ya tundu. Ikiwa na upande wa milimita 1, ina gesi ya mg 0.0228. Spray A inatoa mafuta ya karibu mg 2.3 kwa milisekunde, yaani mg 0.0023 kwa mikrosekunde. Itachukua karibu mikrosekunde 10 kwa mafuta yaliyoingia kufikia uzito wa gesi ya seli ile. Gesi inakaa kama imesimama, matone yanaipiga kwa kasi kubwa, ukinzani wa hewa unakuwa mkali kupita ule wa kweli, na matone yanasimama mapema. Punguza seli hadi milimita 0.25: gesi yake sasa ni mg 0.00036, mara 64 pungufu. Mafuta yanazidi uzito huo ndani ya sehemu ndogo ya mikrosekunde moja, gesi inavutwa mbele pamoja nayo, na matone yanayokuja nyuma yanapita kwenye njia iliyokwisha kufunguliwa. Hivyo ndivyo mnyunyizo wa kweli unavyosonga.

Kwa hesabu za msukosuko wa wastani, aina ya k-epsilon, lenga milimita 0.25 karibu na tundu. aachenBomb ina seli 41 kwa 100 kwa 41, ambazo ni za karibu milimita nusu kwa upana na 1 kwa urefu. Kwa Spray A hiyo haitoshi. Lakini usikaze boksi lote, laptopu haitabeba. Acha milimita 1 nje, na ndani weka eneo la milimita 12 kwa 12 kwa 40 lenye seli za 0.25. Eneo hilo lina seli 368,640, na kompyuta ya kawaida yenye RAM ya GB 16 inalimudu. Kisha fanya jaribio moja la ziada lenye 0.5 na ulinganishe. Usipofanya jaribio hilo hutajua kamwe kama tofauti yako inatoka kwenye fizikia au kwenye wavu.

Kuna mpaka wa chini pia. Njia ya vifurushi inadhani tone ni dogo kuliko seli. Seli ya milimita 0.05 yenye tone la 0.09 inavunja dhana hiyo. Seli moja inapewa mvuke na ubaridi wote kwa mpigo, joto linashuka nje ya mipaka ya jedwali la thermo (sifa za joto za gesi), na programu inakufa ikisema imezidisha idadi ya marudio. Ukiona ujumbe huo mikrosekunde chache baada ya kuanza, angalia ukubwa wa seli na hatua ya muda kabla ya kulaumu kitu kingine.

Hatua ya muda inaendana na seli. Tone la 583 m/s linavuka milimita 0.25 kwa mikrosekunde 0.43. Hatua ikiwa mikrosekunde 1, tone limevuka seli mbili na gesi ya katikati imepata msukumo wake kwa mkupuo. Tumia 0.1 hadi 0.2.

Kisababishi cha pili ni k-epsilon yenyewe. Modeli hii, ikiwa na kigezo C1 cha kawaida cha 1.44, hupanua mkondo wa duara kupita kiasi. Ni udhaifu unaojulikana siku nyingi na hauhusiani na matone. Mkondo ukipanuka, unafika mfupi. Pandisha C1 hadi 1.50, kisha 1.55 ikihitajika, ndani ya kEpsilonCoeffs. Ifanye baada ya wavu kukubalika, si kabla. Ukiigusa mapema utakuwa unafidia seli kubwa kwa modeli ya msukosuko, na siku utakayokaza wavu mnyunyizo utapitiliza.

Angalia pia k ya mwanzo, yaani nishati ya msukosuko. Gesi ndani ya chemba ya majaribio imetulia, k yake ni chini ya 1 m²/s². Aliyeweka 50 kwa kunakili hesabu ya silinda ameweka mchanganyiko ambao haukuwepo.

Kisababishi cha tatu ni boksi jembamba, na mara nyingi hakikumbukwi. aachenBomb ina upana wa milimita 20. Mnyunyizo unaofunguka nyuzi 10 kila upande una nusu-upana wa karibu milimita 9 ukifika milimita 50. Unakaribia kugusa kuta. Panua boksi hadi milimita 40 au 50.

Dalili: mnyunyizo una umbo la msalaba au ua la majani manne

Ni wavu wa mraba ukichanganyika na modeli ya migongano ya O'Rourke, ambayo hugonganisha tu vifurushi vilivyo kwenye seli moja. Izime, weka none, na utazame kama ua limepotea. Kwa mnyunyizo wa presha kubwa unaovukiza haraka, migongano haina uzito mkubwa kwenye urefu. Mnyunyizo ukielekezwa mshazari, matokeo yatatofautiana na ule ulio sambamba na seli. Geuza wavu ufuate mhimili wa mnyunyizo.

Dalili: mvuke uko sawa, kimiminika hakitulii

Sasa, na sasa tu, tunafika kwenye matone. Lakini bado kuna maswali mawili ya kutanguliza.

La kwanza: mafuta gani? n-heptani inachemka kwa nyuzi 98 za Selsiasi, n-dodekani 216, n-heksadekani 287. Mazutu ni mchanganyiko unaochemka kati ya karibu 180 na 360. Aliyeiga mazutu kwa n-heptani kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye mfano atapata kimiminika kifupi mno, na hakuna kigezo cha kupasuka kitakachomwokoa kwa uaminifu. Kwa kuvukiza tumia C14H30 (n-tetradekani) au C16H34 (n-heksadekani); zote zimo kwenye maktaba ya OpenFOAM.

La pili: je, kimiminika chako kinafuata kanuni? Siebers alionyesha mwaka 1998 kwamba urefu wa kimiminika kwenye gesi ya joto na presha kubwa karibu haubadiliki ukibadilisha presha ya injekta, na unaongezeka sambamba na kipenyo cha tundu. Endesha MPa 50, kisha 150. Kimiminika kikibaki palepale, kuvukiza kwako kunaongozwa na kuchanganyika na hewa, kama inavyopaswa. Kikirefuka au kufupika sana, matone yako hayapasuki vya kutosha, au wavu bado ni mkubwa.

Ndipo ufungue ReitzKHRT, modeli ya kupasuka kwa matone. B1 ni saa ya kuchunwa kwa tone: ikiwa kubwa, tone linachelewa kuisha na kimiminika kinarefuka. Thamani ya mfano ni 40. Watu hufanya kazi kati ya 10 na 60. CRT inaamua ukubwa wa vipande vinavyotokea tone linapovunjika kwa ghafla: ikiwa ndogo, vipande ni vidogo na vinavukiza upesi. B0 ya 0.61 iache. Badilisha kimoja kwa wakati, na tazama kimiminika peke yake. Mvuke ukihama sana kwa kubadilisha B1, rudi kwenye sehemu ya wavu, kwa sababu urefu wa mvuke unaongozwa na msukumo wa mafuta na msongamano wa gesi. Vigezo vya kupasuka havina mamlaka hayo kwenye hesabu iliyo sahihi.

Ukipata jozi inayokubali, usisherehekee kwenye sharti moja. Data za Spray A zina joto la 800, 1000 na 1100 K, msongamano wa 7.6 na 15.2, presha ya 50 na 100. Peleka vigezo vilevile, bila kuvigusa, kwenye angalau masharti mawili kati ya hayo. Vikishindwa, ulikuwa umefidia kosa fulani, na kosa hilo liko juu zaidi kwenye ukurasa huu.

Kuhusu moto neno moja: kwa oksijeni ya asilimia 15 na 900 K, Spray A inawaka baada ya karibu ms 0.4. Usiwashe kemia mpaka mvuke na kimiminika visimame.

Umeme ukikatika katikati ya hesabu

Ukianza upya kutoka muda wa mwisho ulioandikwa, mnyunyizo unaweza kupoteza kumbukumbu ya mafuta yaliyokwisha kuingia. Kumbukumbu hiyo iko ndani ya folda ya muda, kwenye uniform/lagrangian. Watu wanaonakili folda kwenda kompyuta nyingine huiacha, kisha jumla ya uzito inaanza sifuri. Nakili folda nzima, weka startFrom latestTime, na baada ya hatua ya kwanza tazama "mass introduced" kama imeendelea palepale. Andika matokeo kila mikrosekunde 50, ili umeme ukikukatia usipoteze usiku mzima.

Ukirudi kwenye motere ya Lubumbashi

Mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ni kama kPa 88. Goma na Bukavu, kwenye mita 1,500 hivi, ni kama 85. Namba ya 101.3 iliyoachwa kwenye faili ya masharti ya mwanzo ni kosa, na matokeo yake yanahesabika. Chukua motere isiyo na tabo yenye mbano wa 17 kwa 1, hewa ya nyuzi 25, na silinda iliyojaa kabisa. Usawa wa bahari msongamano, pistoni ikiwa juu kabisa, ni karibu 20.1 kg/m³, hapa ni 17.4. Kwa kanuni ile ya kipeo cha robo, mnyunyizo unafika mbali zaidi kwa karibu asilimia 4, na kimiminika nacho kinarefuka kwa sababu kuna hewa moto kidogo ya kukivukiza. Kwenye milimita 40 za safari hadi ukuta wa bakuli la pistoni, asilimia 4 ni milimita moja na nusu. Motere yenye tabo hurudisha sehemu ya upungufu huo. Chukua presha iliyopimwa kwenye manifoldi, usikisie.

Tundu lililochakaa nalo linaleta kosa. Kama nozo imefanya kazi saa nyingi na mafuta yasiyochujwa vizuri, kipenyo cha katalogi hakifai tena. Kipime kwa darubini, au kikisie kwa kulinganisha ujazo wake wa benchi na wa nozo mpya ya aina ileile, kwa presha na muda uleule: nozo ikitoa asilimia 10 zaidi, eneo limeongezeka kwa kiasi hichohicho takriban, na kipenyo kwa karibu asilimia 5. Ingiza vyote viwili, uzito mpya na kipenyo kipya, kwa pamoja. Ukiingiza uzito peke yake, programu itaupitisha kwenye tundu la zamani kwa kasi ambayo pampu yako haiwezi kuitoa.